Matroni na Binti Yangu

Wasichana wote walimwita Mama. Mimi, ambaye mmoja wa wasichana hao alitoka tumboni mwangu, nilimwita Matroni, na sikuwahi kumwita vinginevyo.

Nimemjua kwa miaka mingi kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu, na sidhani kuna wiki iliyopita katika miaka hiyo bila mimi kumwonea wivu. Nalisema mapema ili msomaji asidhani ninamchora kwa mkono uliotulia.

Shule yetu ni ya zamani. Wamishonari waliijenga kwa mawe kwenye mwinuko nje ya Kisumu, upande wa kwenda Otonglo, na kanisa wakalielekeza ziwani, hata mahubiri yakirefuka wasichana huangalia maji badala ya mhubiri. Matroni hakuangalia maji wala mhubiri. Alilala. Alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, akaimba wimbo wa kwanza kwa sauti iliyowapotosha wote waliokuwa karibu naye, kisha mahubiri yakianza kidevu kikashuka kifuani. Kasisi aliposema "Tuombe," yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, na akipewa nafasi ya kuomba kwa sauti, chakula cha mchana kilipoa jikoni. Mwalimu mkuu mmoja, mama mwenye nidhamu ya kijeshi, aliwahi kumkanya kuhusu usingizi huo mbele yetu.

"Madam," Matroni alimjibu, "mimi hukesha na hawa watoto. Mungu anajua saa yangu ya kulala ni gani."

Mwalimu mkuu hakulitaja tena. Ningethubutu mimi kujibu hivyo, ningehamishwa kabla muhula haujaisha.

Alikuwa mwanamke mpana, mfupi, mwenye mwendo wa haraka ambao hukuutarajia kutoka kwa mwili ule. Msimu wa mvua alivaa gauni lake la Jumapili na viatu vya mpira vya shambani, na hakuna aliyemcheka. Alitembea akitafuna njugu karanga. Ungejua amepita bwenini kwa maganda, na ungejua yuko njiani kwa sababu aligonga vitanda kwa mwiko wa mbao kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Kengele ya shule ingeweza kukosa umeme na wasichana wangeamka tu.

Dawa yake ya kwanza kwa kila jambo ilikuwa maji. Msichana akija na kichwa kinachouma, au barua mbaya kutoka nyumbani, au hofu ya mtihani, aliambiwa, "Oga kwanza, alafu tutaongea." Wengi walirudi wameoga na kugundua hawana tena la kuongea. Waliobaki nalo aliwapa uji, akawasikiliza. Kwa wale waliojifanya wagonjwa siku ya mtihani wa hesabu alikuwa na msemo mwingine: "Ugonjwa uko, lakini sio wa tumbo."

Usidhani alikuwa malaika. Alihubiri kusameheana kila Ijumaa jioni bwenini, lakini muhula mzima hakusema na mpishi mkuu kwa sababu ya namna alivyokata kabichi. "Anawakatia watoto wa watu kama anakatia ng'ombe," alilalamika, na salamu zao zikapitia kwa mlinzi wa lango. Alikuwa na vipenzi vyake, wala hakuvificha. Msichana mnene alimpendeza, kwa kuwa aliamini unene ni afya. Mwembamba alishukiwa na kuongezewa maharagwe. Jumamosi, ukumbi wa runinga ukifunguliwa, yeye huyu aliyewakataza wasichana kupandishiana sauti alikaa mbele kabisa kuangalia mieleka, akapiga kelele: "Mshike shingo! Shingo, wewe!" Wasichana waliangalia mieleka kidogo na kumwangalia yeye sana.

Alisema uongo pia, na uongo wake mmoja unasimuliwa shuleni hadi leo. Mjomba fulani alifika kumchukua msichana wa kidato cha pili, yatima wa baba, akisema kuna shida nyumbani. Shida yenyewe ilikuwa kwamba mke wake amejifungua Nairobi, na anahitaji mtu wa kulea. Mwalimu mkuu hakuwepo siku hiyo, na naibu wake alikuwa mtu wa kuogopa makoti. Yule mjomba alivaa koti. Matroni alifika ofisini akitafuna, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Pole sana, Bwana. Huyo mtoto ako na tetekuwanga. Nimemfungia kwa chumba chake peke yake. Wewe ulishawahi kuugua tetekuwanga?"

Mjomba akasema hakumbuki.

"Basi usikaribie. Inashika wanaume vibaya. Na huyo mtoto mchanga, je, si utampelekea?"

Mjomba akarudi alikotoka. Msichana alifungiwa kweli kwenye zahanati ya shule, mzima kama kigongo, akila mayai, mpaka mama yake alipopatikana na kuja kusema kwa kinywa chake kwamba mwanawe atabaki shuleni. Leo ni hakimu.

Ninaisimulia vizuri kwa sababu nimeisikia mara nyingi, na kila nikiisikia kuna kitu kinaniwasha. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa wa msichana yule. Alikaa safu ya mbele. Nilijua jinsi anavyoandika herufi yake ya "g". Kuhusu mjomba sikujua lolote, hakuniambia.

Nilifundisha Kiswahili. Ukiwapa wasichana insha kuhusu mtu wanayemheshimu, unategemea kusoma kuhusu mama zao, nyanya zao, pengine, kwa bahati, mwalimu wao wa Kiswahili. Nilisoma kuhusu Matroni. Insha baada ya insha, viatu vya mpira, mwiko, uji. Nilisahihisha upatanisho wa ngeli katika insha hizo kwa bidii ambayo sikuwa nayo kwa insha nyingine.

Na wale waliomaliza shule walikuwa wakirudi. Gari linaingia, anashuka daktari, anashuka mwanamke wa benki, wanapita mlangoni mwa chumba cha walimu: "Mwalimu, habari ya siku nyingi?" Kabla sijamaliza kujibu nzuri, viatu vyao vya visigino vinakimbia kuelekea mabwenini, na unasikia kelele kule, vicheko, "Mama! Mama!" Niliwafundisha fasihi miaka minne. Walikumbuka uji.

Haya yote yangekuwa wivu wa kawaida wa kazini, wa kumezwa pamoja na chai, kama binti yangu asingejiunga na shule ile.

Wazazi wangu walitoka Murang'a, wakaja Kisumu kuuza viazi na kabichi, na mimi nikakulia sokoni. Dholuo yangu ni ya mizani: naweza kuuliza bei ya omena, kukataa sangara aliyelala, na kutukana kidogo ikibidi. Mume wangu alikuwa mtu wa hapa, fundi wa pampu za maji katika mashamba ya mpunga ya Ahero. Sisi wawili tuliongea Kiswahili. Yeye na binti yetu Achieng' waliongea Dholuo, haraka haraka, wakicheka mambo ambayo wakati mwingine walinitafsiria na wakati mwingine walisahau. Sikujali. Nyumba ilikuwa na sauti, hiyo ilitosha.

Mume wangu alikufa Achieng' akiwa kidato cha pili, wakati wa likizo. Aliamka na maumivu ya kifua, na jioni hatukuwa naye. Kwenye mazishi, nyumbani kwao, Achieng' aliwamwagia wageni maji ya kunawa, akabeba chai, akawapokea shangazi zake waliokuja wakilia tangu barabarani. Yeye hakulia. Watu walimsifu: mtoto jasiri, amerithi kwa mama yake. Maana mimi pia sikulia mbele yake. Nililia nikiwa nimejifungia, taulo mdomoni. Shule zilipofunguliwa nilimrudisha bwenini, nikarudi darasani, nikadhani tunaendelea vizuri.

Jumapili moja baada ya ibada nilishikwa na kichwa, nikaenda zahanati kuomba dawa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikasikia Dholuo, ya haraka, ile niliyoizoea kuisikia ikitoka sebuleni kwangu, halafu nikasikia kilio. Nilijua kilio kile kabla sijakisikia vizuri. Mara ya mwisho alikuwa mtoto wa miaka sita aliyeumwa na nyuki.

Nilichungulia. Matroni alikuwa ameketi kitandani, na binti yangu mrefu, kiranja wa bweni, amejikunja na kulaza kichwa kwenye paja la yule mwanamke. Matroni hakumbembeleza. Aliendelea kumenya njugu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa juu ya mgongo wake, na mara kwa mara akasema, "Ee, nyathina. Ee, mtoto wangu."

Mtoto wake!

Niliondoka bila dawa. Siku ya pili nilimfuata pale pale, wasichana wakiwa madarasani. Alikuwa akikunja mashuka.

"Matroni," nikasema, "Achieng' ana mama."

"Najua. Si ni wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Mwalimu? Kwamba mtoto amelia? Watoto hulia."

"Wangu hakulia. Hata kwa kaburi hakulia."

Aliacha shuka. "Kaa kwanza."

"Sitaki kukaa. Amekuja hapa mara ngapi?"

"Kila Jumapili tangu mfungue."

Nilikaa.

"Sikiliza, Mama Achieng'," akasema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Huyo mtoto hakuja hapa kutafuta mama. Aliniambia, kwa nyumba yetu hakuna mtu wa kuongea na yeye Dholuo tena. Anasema anaogopa itamtoka. Anasema hata sauti ya baba yake ataisahau, kwa sababu baba hakuwahi kumwongelesha na lugha nyingine. Sasa anakuja, tunaongea. Alafu akiongea, analia. Mimi sijamwita."

"Na kwangu? Kwangu haezi kulia?"

"Wewe anakuogopea. Anasema akilia, utaanguka."

Lilikuwa jibu zuri, na nililichukia kwa uzuri wake. Ningependa aniambie jambo la kipumbavu, nimkasirikie kwa raha. Badala yake alinipa uji. Niliunywa, maana harufu yake ilikuwa imenijia, na ulikuwa mzuri kama walivyoandika.

Likizo iliyofuata nilijaribu. Tulikuwa mezani, mimi na Achieng' na kiti kimoja kitupu, na nilikuwa nimejifunza sentensi moja kwa muuza samaki wa Dunga, nikairudia njia nzima. Nilitaka kumwambia kwa Dholuo kwamba jambo lililotupata ni baya. Baya ni *rach*. Nikasema *rech*.

Achieng' aliweka kijiko chini. "Mama, umesema lililotupata ni samaki."

Tukatazamana. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka akashika meza. Nilimwona machozi yakimtoka na sikujua ni ya kicheko au ni yale mengine, na nikaogopa kuuliza. Nilikuwa nimefika, nilihisi hivyo, nilikuwa nimegusa mlango. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akavuta pumzi.

"Woi, Mama," akasema. "Matron atacheka sana nikimwambia."

Ndivyo ilivyokuwa. Nimwone binti yangu akicheka, Matroni alikuwa na sehemu yake. Nimwone akifaulu, Matroni alijua kabla yangu. Achieng' alipoamua kusomea uuguzi badala ya uhandisi nilioutarajia, aliniambia akiwa amepanga hoja vizuri, moja, mbili, tatu, na nilimjua aliyemsikiliza akizipanga. Sikuwahi kumkataza kwenda kule. Ningemkatazaje? Lakini Jumapili baada ya ibada nilitafuta njia ndefu ya kurudi nyumbani ili nisipite zahanati.

Matroni alipostaafu, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye nyasi. Wasichana wa miaka yote, wengine wakiwa na wajukuu. Askofu alihubiri, na Matroni, kwenye kiti cha heshima mbele ya umati wote, akalala. Nilikuwa karibu na nilingoja mtu aone aibu. Hakuna aliyeona. Walimtazama akilala kama mtu anavyomtazama mtoto wake. Wakampa zawadi na maua, wakampiga picha na kila kundi, kisha magari yakaondoka, naye akarudi kwao katika uwanda wa Kano, kwenye nyumba aliyojijengea, pamoja na kuku wake.

Achieng' sasa ni muuguzi Eldoret. Kila Jumapili hunipigia simu. Ni mtoto mwema, hasahau. Ila mimi huwa wa pili. Najua, kwa sababu niliwahi kujaribu kumpigia mapema nikakuta laini inatumika, Jumapili hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Sikumuuliza anaongea na nani.

Mwaka huu mvua ndefu zilikuja kwa hasira. Mto ulivunja kingo, na Kano ikawa maji matupu, kama ilivyokwisha kuwa mara nyingi. Achieng' alinipigia siku ambayo haikuwa Jumapili.

"Mama, Matron hashiki simu tangu jana. Jirani yake anasema nyumba imeingia maji mpaka dirishani. Mimi siwezi kutoka kazini. Tafadhali, nenda umchukue."

"Nimpeleke wapi?"

"Kwako, Mama. Nyumba si ni kubwa?"

Nilienda. Nilimkuta katika shule ya msingi iliyo juu kidogo ya barabara, ambako watu walikuwa wamehamia na magodoro na mbuzi. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia, ile nyama yote imeisha, lakini alisimama katikati ya darasa akiamrisha: akina mama wenye watoto wachanga upande huu, wazee pale kwenye upepo mdogo. Watu walimtii. Hakushangaa kuniona.

"Mwalimu. Umekuja na nguo kavu?"

"Nimekuja kukuchukua. Achieng' amenituma."

Aliangalia watu wale, akaangalia nje, kule ambako paa za nyumba zilitokeza majini. Nilitegemea abishane. Akasema tu, "Haya," na kunifuata.

Nilimpa chumba cha Achieng', akalala jioni ile mapema, na mimi nikakaa sebuleni nikiwaza kwamba sasa yumo hata ndani ya nyumba yangu, kwenye kitanda cha mtoto wangu.

Asubuhi nilipika chai, nikachemsha viazi vitamu. Nilipogeuka nilimkuta amesimama kwenye sinki, anasugua kikombe kilichokuwa safi.

"Acha hicho, Matroni."

"Namalizia tu."

"Acha. *Bed piny*." Kaa chini. Hiyo niliijua, huambiwa wateja sokoni.

Alikaa. Nikamwekea kikombe mbele, nikamenya kiazi, nikakiweka kwenye sahani yake. Hakukishika. Alitazama mikono yake iliyokuwa mezani kama vitu vilivyosahauliwa na mgeni. Kisha Matroni akalia.

Alilia kwa sauti, kama msichana wa kidato cha kwanza ambaye gari la nyumbani limemwacha langoni. Alilia na kuongea, kwa Dholuo, na mimi nilishika maneno machache tu yaliyopita karibu nami. Maji. Kuku. Kitanda. Na neno *kenda*, peke yangu, akalirudia, peke yangu, peke yangu, na nikamwona kwenye nyumba ile, usiku maji yalipoingia chini ya mlango, mwanamke mwenye mabinti wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, akipandisha kuku juu ya kabati. Nilisogeza kiti changu mpaka kikagusa chake. Nikaweka mkono mgongoni mwake, akaegemea.

Simu yangu ikaita mezani. Achieng'. Matroni aliliona jina, akatikisa kichwa kwa nguvu, leso mdomoni.

Nikapokea.

"Mama! Matron yuko aje?"

"Yuko salama. Hajaumia."

"Nipe niongee na yeye kidogo."

Nilimtazama. Alikuwa akinitazama pia, macho mekundu, akiomba.

"Amelala," nikasema.

"Matron? Saa hii?"

"Hata yeye huchoka. Nitakupigia."

Nikazima simu kabisa, nikaiweka mbali. Chai ilikuwa imeanza kupoa nikaimwaga, nikammiminia nyingine, na yeye akaendelea pale alipoachia, na mimi nikasikiliza.

Baadaye Achieng' aliniuliza alisema nini asubuhi ile, alikuwa na hali gani. Nilimwambia alikunywa chai, akala kiazi kimoja na nusu. Mengine sikumwambia, na sitamwambia. Yeye ana Jumapili zake zote na mwanamke yule. Asubuhi ile ni yangu.